Tangu Kyoto Hata Magomeni: Habari za Mashine Kongwe ya Gemu

Kila kitu kigeni kilichopata kukaa Kilosa kilifika kwa njia, na mwenye kutaka kuijua historia ya kitu hicho hana budi kuanza na njia yenyewe. Zama za misafara, nguo na shanga za pwani zilipanda bonde la Mkondoa juu ya mabega ya wapagazi zikielekea Ugogo na Unyamwezi, na pembe zikateremka kwa mabega hayo hayo. Wakaja Wadachi wakatandika reli yao ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na Kilosa ikawa stesheni. Kisha mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yakavuta manamba kutoka kila upande wa nchi, hata mji ukajaa watu ambao babu zao hawakuzikwa humo. Kata ya Magomeni ni sehemu ya mji huo. Kwa reli hiyo, na baadaye kwa mabasi yatokayo Morogoro yakapita Dumila, iliingia pia mashine ambayo habari zake ndizo nitakazosimulia: mashine ya gemu, ile kongwe, ambayo walioiunda wamekwisha kuacha kuiunda, wauzaji wa Ulaya wamekwisha kuiondoa madukani, na vijana waliokuwa wachanga hayo yalipotokea wangali wakizigombea pedi zake.

Wazee wa mchezo huu, nao ni watu wa makamo tu, watakutajia mashine mbili: ile ya kaseti, iliyotangulia, na ile ya diski, yaani PlayStation 2, ambayo mitaani hutosha kuitwa PS. Habari za ya pili hazieleweki bila ya ya kwanza, kwa kuwa ni ya kwanza iliyowafundisha watu wetu namna ya kukaa mbele ya kioo na kushika kitu chenye vitufe, na tena ndiyo iliyotangulia kufika kwa mlango wa nyuma.

Asili yake iko Kyoto, nchini Japani, ambako mwaka 1889 fundi aitwaye Fusajiro Yamauchi alifungua duka la kutengeneza karata zilizochorwa maua. Sanaa ya karata Wajapani waliipata kwa Wareno katika karne ya 16, na pwani yetu nayo ilizipokea kwa Wareno hao hao, kama yanavyoshuhudia majina ya shupaza na kopa yatajwayo hadi leo barazani alasiri. Duka hilo la karata, lililoitwa Nintendo, lilikaa karibu karne nzima likibadili biashara kwa kadiri ya zama, hata tarehe 15 Julai 1983 likatoa mashine iliyobuniwa na mhandisi Masayuki Uemura, iliyofahamika kwa jina la Famicom na kuuzwa kwa yeni 14,800. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2, kiasi kisichotosha kubeba aya tatu za makala haya. Ndani ya dhiki hiyo watunzi wake walitia mbingu, mabomba, visiki, majini, na yule fundi mfupi mwenye masharubu wa Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ambaye leo anajulikana na watoto wa dunia kuliko wafalme wengi.

Katika nyumba hiyo hiyo alikuwako Gunpei Yokoi, mbunifu wa Game Boy ya mwaka 1989, aliyekuwa na madhehebu yake katika ufundi: kwamba kifaa chema hujengwa kwa vitu vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, na ubunifu wenyewe uonekane katika namna ya kuvitumia. Wenzake walikimbilia vioo vya rangi. Yeye akatoa kijimashine chenye kioo cha kijivu na kijani kisichong'aa, kinachokula betri kidogo, kikawashinda wenye rangi wote. Naitaja itikadi hii mapema kwa sababu ndiyo, kwa maoni yangu, ufunguo wa habari yote. Na sikupata kuona watu walioitekeleza kwa ukamilifu kuliko mafundi wa miji midogo ya Tanzania, ambao jina la Yokoi hawakupata kulisikia.

Famicom ilipozaliwa, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, na waliokuwa na seti Dar es Salaam walielekeza antena zao baharini kuinasa. Lakini upande wa Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa isiyolingana na nchi ya wakulima, na fauka ya hayo, mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mtu anaweza kuyacheka maamuzi hayo leo, ila na akumbuke hali ya hazina ya wakati ule kabla hajacheka. Kilosa, iliyo mbali na bahari na iliyozungukwa na milima, haikuwa na la kunasa. Burudani yake ilikuwa redio, mpira, ngoma, na bao chini ya miti.

Mlango ulilegezwa mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila ya kuhojiwa sana zilikotoka fedha hizo. Na mwaka uliofuata akashika urais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimpa lakabu ya Mzee Ruksa. Hapo ndipo seti za televisheni na deki za video zilipoanza kumiminika kutoka Dubai, nyingi zikipitia Zanzibar, zikiteremka bandarini na kuingia Kariakoo, na kutoka Kariakoo zikipakiwa kwenda bara. Mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo, na watu wa Bara wakapata sababu mpya ya kununua seti. Na penye seti, hata kama matangazo hayafiki vizuri, pana kioo. Na kioo ndicho pekee ambacho mashine ya gemu huomba.

Nintendo yenyewe haikuleta mashine zake kwetu. Zilizokuja ni nakala. Viwanda vya Taiwan, na baadaye vya China bara, vilijifunza kuifinyanga upya Famicom ndani ya kipande kimoja cha silikoni, vikaiuza kwa majina yasiyohesabika: Micro Genius ilikwenda pande nyingi za dunia, na Urusi ilipata Dendy tangu mwaka 1992, hata kizazi kizima cha Warusi kikakua bila ya kujua kwamba mashine waipendayo ina baba mwingine. Sisi tulipata za kila jina, na aghalabu hapana aliyelijali jina. Baadhi zilivishwa gamba lililofanana na la PlayStation, lenye hata kifuniko cha diski, nawe ukikifunua unakuta chini yake tundu la kaseti. Na kaseti zenyewe! Ziliandikwa kwa tarakimu kubwa kwamba zina michezo 9,999, na mnunuzi aliyekuwa na subira ya kuihesabu aligundua kwamba michezo ni kumi na kitu, iliyobaki ni ileile imebadilishwa rangi au imeanzia hatua ya mbele. Hata hivyo udanganyifu huo haukumchukiza mtu, maana hiyo kumi na kitu ilitosha.

Ilikuwamo Battle City ya Namco, iliyotoka mwaka 1985, ambayo watu wawili huongoza vifaru kulilinda tai lao lililozungushiwa matofali, na mara nyingi hulivunja wenyewe kwa risasi iliyokosea njia, ugomvi ukahamia nje ya kioo. Ilikuwamo Contra ya Konami, askari wawili wakikimbia msituni, na wajuao waliijua siri ya vitufe, juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, iliyobuniwa na Kazuhisa Hashimoto kwa mchezo mwingine mwaka 1986 na kuwapa wachezaji wa Contra maisha 30 badala ya matatu. Ilikuwamo pia ile ya bata, ya bunduki ya plastiki. Bunduki hiyo haitoi kitu chochote: ina jicho ndani, na kila unapovuta kilimi, kioo huwa cheusi kwa kitambo kisichoonekana, mahali pa bata pakawaka weupe, na jicho likauliza kama liliuona weupe huo. Jawabu lategemea namna televisheni ya zamani, yenye chogo, inavyouchora mwanga wake mstari kwa mstari. Katika televisheni bapa za siku hizi bunduki hiyo haipati bata hata ukiigusisha kiooni. Chogo na gemu kongwe vilizaliwa kwa ajili ya kila kimoja, na muda wote ambao chogo kilibaki majumbani, gemu kongwe lilikuwa na pa kuishi.

Basi mashine zilikuwapo, lakini umeme na seti havikuwa vya kila nyumba, na hapa iliingia taasisi ambayo bila yake nisingekuwa na la kuandika. Miji yetu ilikwisha kuzoea vibanda umiza, vyumba vya mabati na mabenchi ambamo kwa kiingilio kidogo watu walitazama mpira wa Ulaya na filamu za ngumi, na filamu hizo zikafasiriwa papo kwa papo na wasimuliaji kama Lufufu, ambaye sauti yake ilijulikana na watu wengi kuliko nyuso za waigizaji aliowasemea. Kibanda umiza kilifundisha mambo mawili: kwamba kioo kimoja chatosha mtaa, na kwamba kutazama pamoja kuna ladha isiyopatikana kwa kutazama peke yako. Mwenye banda aliyenunua mashine ya gemu hakubadili desturi hiyo. Aliongeza vitufe tu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kitu ambacho Wajapani walikibuni kwa sebule ya nyumba moja kiligeuka kwetu kuwa cha umma, na mtoto asiyemiliki hata viatu aliweza kukimiliki kwa dakika kadhaa.

Ufalme wa kaseti ulivunjwa na ugomvi wa Wajapani kwa Wajapani. Sony na Nintendo walikuwa wamepatana kuunda pamoja mashine ya kusoma diski. Mwezi Juni 1991, katika maonyesho ya Chicago, Sony ikaitangaza mashine hiyo hadharani, na siku ya pili yake Nintendo ikatangaza kwamba imekwenda kuoana na Philips wa Uholanzi. Aibu ile haikusahauliwa. Mhandisi Ken Kutaragi akaushawishi uongozi wa Sony uendelee peke yake, na tarehe 3 Desemba 1994 PlayStation ikauzwa Tokyo. Nakala zake zilizouzwa duniani zilipita milioni 100. Tarehe 4 Machi 2000 ikafuata ya pili, nyeusi, nzito, yenye uwezo wa kuonyesha filamu za DVD, na hiyo ndiyo iliyokuja kukaa.

Kwetu ilichelewa, na kuchelewa kwake ndiko kulikoifaa. Wakati Ulaya walipokuwa wakihamia mashine za kizazi kilichofuata, tangu mwaka 2006, PS 2 zilizotumika zilianza kushuka thamani na kufungashwa katika makontena pamoja na friji, redio na baiskeli za mitumba, zikafika Kariakoo kwa bei ambayo mwenye banda wa mkoani aliweza kuikusanya kwa msimu mmoja wa mavuno. Fundi mfuasi wa madhehebu ya Yokoi angesema: sasa kitu kimezoeleka na kimeshuka bei, ndio wakati wa kukitumia. Winning Eleven na ndugu yake PES, na FIFA, zote za mpira, Tekken ya ngumi na mateke, na ile San Andreas ya mwaka 2004 ambayo wazazi wengi wangeizuia laiti wangeketi na kuitazama kwa nusu saa. Hizo zilikuwa na zingali ndizo nguzo za banda.

Hapa insafu yanitaka niseme jambo ambalo wapenzi wa mashine hii hupenda kulipitia kando. Diski moja halali ilipokuwa mpya iliuzwa Marekani kwa takriban dola 50, fedha ambazo kwa banda la Kilosa zingekuwa mtaji mzima. Laiti mashine ingekubali diski halali peke yake, nisingekuwa na historia ya kusimulia. Lakini mafundi walibuni chipu ndogo ambayo, ikilehemiwa mahali pake juu ya bodi, huidanganya mashine iamini kwamba diski iliyonakiliwa ni halisi. Na diski zilizonakiliwa ziliuzwa mitaani kwa bei ya chakula cha mchana. Haki ya mtunzi ililiwa, na sioni njia ya kulisema jambo hili kwa lugha tamu. Ila ni dhahiri pia kwamba watunzi hawakuwahi kuweka duka mahali ambapo kijana wa Magomeni angeweza kuwapa haki hiyo, na kwamba mapenzi ya leo kwa majina ya Konami na EA, wenye PES na FIFA, katika nchi hizi yalipandwa na wezi wa kazi zao. Mwanasheria atahukumu kwa namna yake. Mwenye kuandika historia hana ruhusa ya kuificha.

Nguzo ya pili, baada ya michezo yenyewe na diski zake za kunakili, ni fundi. PS 2 ina ugonjwa mmoja mashuhuri: jicho lisomalo diski, ambalo mafundi huliita lenzi, hudhoofika kwa vumbi na kwa umri, na diski ikaanza kukwama katikati ya mechi. Vumbi la Kilosa wakati wa kiangazi halihitaji kuelezwa. Mtengenezaji alitarajia kwamba ugonjwa huo ungempeleka mteja dukani. Fundi wa kwetu akaufungua mwili wa mashine, akalisafisha jicho kwa pamba na spiriti, akakizungusha kwa uangalifu kijiskrubu kinachoongeza nguvu ya mwanga wake, na mwisho, jicho likifa kabisa, akaling'oa na kutia la mashine nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Pedi zilizochakaa mpira zilifanyiwa vivyo hivyo. Elimu hiyo haikufundishwa chuoni. Ilitoka kwenye redio na deki, kwa watu waliokwisha kuzoea kwamba kitu hakifi maadamu bisibisi yaingia.

Kisha mwaka 2008 watu wa mbali waliotumia ujuzi wao bila ya malipo walitoa programu iitwayo Free McBoot, ambayo hukaa ndani ya memori kadi na kuifanya mashine iwashe michezo kutoka kwenye flashi. Tangu hapo hata mashine yenye lenzi iliyokufa iliweza kuendelea kufanya kazi, na diski yenyewe ikaanza kuwa kitu cha hiari. Sijui mashine nyingine iliyopata kung'olewa kiungo chake kikuu na ikaendelea kuleta fedha.

Nguzo ya tatu ni ufukara wa mahitaji yake, na hapa Kilosa ina la kusema kuliko miji mingi. Bwawa la Kidatu, lililoanza kufua umeme mwaka 1975, halina umbali mkubwa, na tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi ndilo lifikalo huko. Lakini ukaribu wa bwawa haukuwahi kumkinga mtu na giza, na katika mgao wa mwaka 2006, na tena wa mwaka 2011, mji ulikatiwa kama miji mingine. PS 2 ile nyembamba, iliyotoka mwaka 2004, haili umeme mwingi, na jenereta ndogo yenye kelele huiendesha pamoja na televisheni yake ya chogo bila ya kulalamika. Haiombi intaneti, haiombi kusajiliwa, haikupi habari kwamba lazima upakue kitu kipya kabla ya kucheza. Na mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mkondoa ulipovunja kingo zake ukaingia mjini, ukaibomoa reli kuelekea Gulwe na kuwaacha maelfu ya watu wakiishi katika mahema, ilionekana vizuri kwa nini mwenye biashara ndogo huogopa kuweka mali yake yote katika kifaa kimoja cha gharama. Kitu rakhisi hupata makazi mahali ambapo mto unaweza kubisha hodi.

Wakati huo huo kwao mashine ilikuwa inafishwa. Mapema mwaka 2013 ilijulikana kwamba Sony imeacha kuitengeneza, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155, idadi ambayo wakati huo mashine nyingine ya sebuleni haikuwa imeifikia. FIFA 14 na PES 2014 zikawa za mwisho katika nasaba zao kutolewa kwa ajili yake. Mwaka 2018 huduma ya matengenezo ikafungwa hata huko Japani. Ukisoma tarehe hizo peke yake utadhani unasoma tanzia. Mtu aliyeingia katika banda la mkoani mwaka wowote kati ya miaka hiyo asingejua kwamba kuna msiba.

Maana ndani ya banda utaratibu ulikuwa umekwisha kuwa sheria. Wawili hukaa mbele, wengine husimama nyuma yao. Aghalabu anayefungwa ndiye anayelipa na ndiye anayeinuka, mshindi hubaki na kumngoja atakayefuata. Wanaosimama hawanyamazi. Kila mmoja anajua pasi iliyokuwa itolewe, kila mmoja angefunga bao lile, na mchezaji aliye dhaifu hupewa ushauri na watu kumi kwa wakati mmoja, ushauri unaopingana. Aliyepata kukaa kando ya bao la kete akitazama wazee wakisukumana namu na mtaji atakuwa ameyaona haya yote kabla ya kuzaliwa Sony. Mashine mpya zilizofuata zimetengenezwa kwa mtu aliye peke yake chumbani, akicheza kwa njia ya intaneti na mgeni asiyemwona. Mashine kongwe ina matundu mawili ya pedi usoni pake, bega kwa bega, na mwenye kutaka mpinzani hana budi kumtafuta mtaani. Upungufu huo wa kiufundi umekuwa ndio fadhila yake kubwa.

Lawama hazikukosekana. Walimu walilalamikia watoro, wazazi wakalalamikia sarafu zilizotumwa dukani zikaishia bandani, na sikatai kwamba wapo vijana waliopoteza humo miaka ambayo ingewafaa kwingine. Ila na tutenganishe. Tangu zilipoingia zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu, ziitwazo dubwi, lawama nyingi zimechanganywa, na banda la gemu limebeba dhambi ya jirani yake. Dubwi halimpi mchezaji ujuzi wowote wala mwenzi, humla tu. Anayefungwa kwenye PS hulipa kiingilio chake, husikia maneno makali, na kesho hurudi akiwa amejifunza kukaba.

PlayStation 3 na 4 zimefika mikoani, tena wenye mabanda makubwa huziweka mbele na kutoza zaidi. Zinapendeza, hilo halina ubishi: nyasi huonekana nyasi, na majasho huonekana majasho. Lakini diski ya PS 4 hainakiliki kwa urahisi, mchezo wake huomba kupakuliwa nyongeza zenye uzito unaomaliza bando, na ikiharibika fundi wa mtaani hukuna kichwa. Kwa hiyo katika mabanda mengi kongwe na mpya hukaa pamoja, mpya ikivuta wageni na kongwe ikilipa kodi ya chumba. Simu nayo imejiunga: tangu programu iitwayo PPSSPP ilipotolewa mwaka 2012, simu ya kawaida huweza kujifanya PSP, mashine ndogo ya mkononi ya Sony, na mwishoni mwa mwaka 2021 ikatoka AetherSX2 iliyoziwezesha simu zenye nguvu kujifanya PS 2 yenyewe. Kijana aliyezoea pedi hulalamika kwamba kioo cha simu hakina vitufe vya kushika, kisha hucheza hivyo hivyo garini.

Kasoro moja imebaki, nayo ni kwamba mchezo wa mpira uliosimama mwaka 2013 umesimama pamoja na wachezaji wake. Waliostaafu wangali wakikimbia, na waliozaliwa karibuni hawamo. Wabrazili walilitatua jambo hili kwa kuichokonoa PES ya PS 2 na kuiandika upya kila msimu, kwa jina la Bomba Patch, na kazi hiyo imeendelea miaka mingi baada ya Konami kuachana nayo. Diski za namna hiyo, zenye vikosi vya msimu mpya ndani ya mwili wa zamani, huuzwa pia katika miji yetu. Lakini hata hizo hazimkumbuki kila mtu. Mbwana Samatta, aliyetoka TP Mazembe kwenda Genk mwaka 2016, na mwezi Januari 2020 akahamia Aston Villa akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, Konami haikumtia ndani ya PES 2014. Mashine, hata hivyo, ina mlango wa kuumba mchezaji: huchaguliwa urefu, mguu wa kupigia, kasi, sura, namba ya mgongoni, na mwenye subira ya jioni nzima humtoa mtu kamili, akamhifadhi ndani ya memori kadi ya megabaiti 8. Basi Samatta huumbwa, hupewa jezi, na mara nyingi muumbaji wake humwongezea kasi kupita ile aliyojaliwa. Wapinzani hulalamika, mwenye banda huitwa kuamua, naye kwa kuwa ni Mtanzania humwacha abaki uwanjani.